Michoro Iliyogeuka Karatasi Nyeupe

Mama mdogo alifika kijijini kwetu Ntalikwa kwa bajaji bila kupiga simu kwanza, na hilo peke yake lilinishangaza. Si mama mdogo wa damu. Ni shoga wa mama yangu, mwanamke wa Tabora mjini, wa ukoo wa Waarabu wa Oman waliokuja zamani kwa biashara wakabaki. Nimemwita mama mdogo tangu nilipojua kusema. Siku hiyo nilikuwa kwa mama, tunapukuchua mahindi uani, kwa kuwa shule ninayofundisha ilikuwa imefungwa. Nilimwona mgeni wetu akishuka, akaushika ukuta wa nyumba na kuufuata kwa kiganja hadi mlangoni. Hapo nikatambua kwamba macho yake yalikuwa mabaya kuliko alivyokuwa akituambia kwenye simu.

Walisalimiana na mama kwa kirefu, kama ilivyo desturi yao, wakauliziana habari za watoto, wajukuu, wagonjwa na marehemu. Chai ikaletwa. Ndipo mama mdogo akasema kwamba hospitali wamemwambia ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba watamfanyia upasuaji wa jicho moja kwanza. Kifo hakikumtisha, alisema, kila nafsi itakionja. Alichoogopa ni kwamba mkono wa daktari ukiteleza, ataingia gizani kabla hajaviona tena vitu fulani. Nilidhani atataja uso wa mjukuu wake aliyezaliwa juzijuzi.

"Ile michoro yetu, shoga," alimwambia mama. "Ya kwenye kompyuta. Nataka niione nikiwa bado naona."

Mama alijibu kwamba ipo. Kompyuta iko chumbani, haijaguswa na mtu.

Inabidi nieleze. Hao wawili walikutana katika kiwanda kidogo cha uchapaji kilichokuwa cha kanisa, hapo mjini, mimi nikiwa bado mdogo. Mama alikuwa akipanga maandishi ya kalenda, vitabu vya nyimbo na kadi za harusi. Shoga yake aliajiriwa kuchora. Binti wa Kiislamu kuchora kwa ajili ya kanisa lilikuwa jambo ambalo familia zote mbili hazikulielewa, na yeye alimtuliza baba yake kwa kumwambia kwamba anachora maua tu. Mwanzoni ilikuwa kweli. Baadaye kiwanda kikaletewa kompyuta ndogo kadhaa kutoka ng'ambo, zile za zamani ambazo skrini na mwili ni kitu kimoja, kama televisheni ndogo ya mezani, na picha zake ni nyeusi na nyeupe tu. Mama alijifunzia humo kuandika, na mwenzake akajifunza kuchora kwa kipanya.

Ni wao waliobuni kile kitabu. Walitaka kukusanya hadithi za njia ya zamani ya misafara, zile ambazo wazee walisimuliwa na babu zao waliobeba mizigo kwenda pwani na kurudi. Mwisho wa juma walipanda treni kwenda Tura, au lori la tumbaku kwenda Ipole, wakaketi na watu na kuwasikiliza. Mama aliandika. Mama mdogo hakuandika chochote, alitazama tu, na wakirudi mjini alichora alichokiona na alichokisikia. Mara nyingine walinichukua. Kitabu hakikutoka. Wafadhili walisitisha msaada, kiwanda kikafungwa, na mama akaagwa kwa kupewa kompyuta aliyokuwa akiitumia. Aliiweka mezani chumbani kwake, akaifunika kitenge. Kwa miaka ya mwanzo aliitumia kuwaandikia watu kadi na ratiba za mazishi. Kisha zikaja kompyuta nyingine, na steshenari zikajaa mjini, naye akaiacha.

Siku ile tulikifunua kitenge. Ile rangi ya maziwa ilikuwa imekuwa njano kama meno ya mvuta kiko. Mama aliiwasha kwa kitufe cha nyuma, bila hata kuchungulia, na baada ya kukoroma kidogo ikalia kengele yake na kuwaka. Mama mdogo aliisikia ile kengele, akacheka peke yake.

Furaha hiyo haikudumu. Mama alifungua kabati la hadithi, ndivyo alivyoita folda, kisha la michoro, akabaki ameinamia skrini. Mle ndani kila kitu kilikuwa kimefanana. Zamani, alituambia, kila hati ilikuwa na kijipicha chake. Hadithi zilionyesha karatasi yenye kalamu, michoro ilionyesha brashi. Sasa zote zilikuwa karatasi nyeupe, zimekunjwa pembe moja, na chini yake majina. Akabofya mara mbili kwenye mojawapo. Kikatokea kisanduku chenye maneno ya Kiingereza, nikayasoma na kuyageuza: hati hii haiwezi kufunguliwa kwa sababu programu iliyoitengeneza haijaonekana.

"Haijaonekana na nani?" mama akauliza.

"Na kompyuta."

"Lakini iko humo humo ndani. Imetoka imekwenda wapi?"

Mimi ni mwalimu wa jiografia, natunga mitihani kwenye kompyuta ya kupakata kila muhula, na nilikuwa nimejihesabu miongoni mwa wanaozijua. Nilijaribu hati nyingine, na nyingine. Jibu likawa hilo hilo. Nikamwambia mama anionyeshe hiyo programu ilipo tuifungue yenyewe, akanifungulia kabati jingine. Humo namo programu zote zilikuwa zimepoteza sura zao. Majina yalikuwa ya Kiingereza, na mama hakuwahi kuyashika hayo majina. Yeye alizijua kwa vijipicha, hii ya mkono wenye kalamu, ile ya kikombe cha rangi. Tukafungua moja kwa kubahatisha, ukatokea mchezo wa karata. Tukafungua ya pili, ikawa saa. Ya tatu ilitudai disketi ambayo hatukuwa nayo, ikaendelea kuidai hadi tukaizima kompyuta. Mama mdogo alikuwa ameketi kitandani, mikono magotini. Hakulalamika. Alisema tu kwamba labda na kompyuta ina mtoto wa jicho.

Mjini, karibu na soko, kuna fundi ambaye zamani alitengeneza redio na sasa anatengeneza simu na kompyuta. Ni mtu mzima wa umri wangu, mnene, asiye na haraka. Nilimweleza, akakubali kuja Ntalikwa kwa pikipiki yake, maana mama alikataa katakata mashine hiyo itoke nyumbani. Mama mdogo naye alikuja siku hiyo, akakaa kitandani pale pale. Fundi aliwaamkia wote wawili shikamoo, akaitikiwa, akavuta kigoda. Alikiri tangu mwanzo kwamba hajawahi kuigusa kompyuta ya aina ile. Lakini kwenye simu yake, alisema, wamo watu wa nchi mbalimbali wanaozipenda mashine za zamani kama watu wapendavyo njiwa. Akaanza kuwasoma, nasi tukamsubiri.

Alipoinua kichwa alitueleza hivi. Ndani ya diski ya mashine ile kuna faili moja lililofichwa, mtu halioni. Kila programu inapoingia, mashine inaiandika humo, jina lake, kijipicha chake, na aina ya hati inazotengeneza. Mtu akibofya hati, mashine inakwenda kwenye faili hilo kuuliza, huyu ni wa nani? Ikijibiwa, inaita programu inayohusika.

"Sasa lile faili lina kikomo," alisema. "Waliolitengeneza hawakufikiri kwamba nyumba moja itakuwa na programu nyingi kiasi hicho. Likizidiwa linaharibika. Likiharibika, mashine haijui tena nani ni wa nani. Programu zipo, hati zipo, ila hazijuani."

Mama aliona kama anashutumiwa. Akasema hakujaza programu yeye, alitumia mbili au tatu tu. Kisha akakumbuka. Kompyuta ilipofika nyumbani, kila aliyekuwa na disketi alikuja kuijaribu hapo. Waliokuwa wafanyakazi wenzake walileta aina mpya za herufi. Wanafunzi walileta michezo. Kaka yangu alileta kila alichokiokota. Hakuna aliyeondoka na alichokileta.

Nilijitahidi kuelewa na sikuweza. Niliuliza inawezekanaje kitu kijae majina, kisha kwa sababu kimejaa majina kisijue jina hata moja. Fundi alinitazama kwa upole. "Mwalimu, hata mimi sielewi sawasawa. Ninasoma tu walivyoandika."

Walichoandika ni kwamba dawa ipo. Unaizima mashine, unaiwasha tena huku umebonyeza vitufe viwili pamoja, nayo inalitupa faili la zamani na kuunda jipya kwa kupita diski nzima, ikiandika upya kila inachokikuta. Fundi akafanya hivyo. Kabla ya kuanza, mashine ilituuliza swali, na swali hilo ndilo nimeliwaza kuliko swali jingine lolote mwaka huu. Fundi alilisoma polepole, tukasaidiana kuligeuza Kiswahili. Una hakika unataka kuunda upya? Maoni yaliyomo katika madirisha ya taarifa yatapotea.

Mama akasogea karibu na skrini.

"Madirisha gani?" mama akauliza.

Fundi alimweleza kwamba madirisha ni hivi visanduku vinavyofunguka kwenye skrini.

"Taarifa ya nini?"

"Haisemi, mama."

"Na hayo maoni ni ya nani?"

Fundi alifikiri. Alisema labda kampuni zilikuwa zikiwaomba wateja waandike maoni yao kuhusu mashine, kama wanavyofanya siku hizi kwenye simu. Nami niliona hilo linaingia akilini, nikalitetea.

"Sisi hatukutoa maoni yoyote," mama alisema. "Hakuna aliyetuuliza."

"Basi kama ni ya kwao, yapotee," mama mdogo akadakia kutoka kitandani.

Mama ndiye aliyebofya ndiyo. Ukatokea mstari mweupe, ukajijaza weusi kidogo kidogo kutoka kushoto, na diski ikawa inakwaruza kama panya darini. Tulipofungua tena lile kabati, vijipicha vilikuwa vimerudi. Kalamu, brashi, kikombe cha rangi. Mama alipiga makofi. Alibofya mchoro wa kwanza, ukafunguka ukaijaza skrini nzima, mwanaume aliyebeba mzigo kichwani, mistari yake ikiwa na vipandio vidogo vidogo vya ngazi kama ilivyokuwa michoro yote ya kipanya siku zile.

Mama mdogo aliinuka, akaja akakaa mbele ya skrini, karibu kiasi kwamba pumzi yake iliiacha na ukungu. Kwa kuwa ilikuwa na mwanga na picha zenyewe ni nyeusi tu juu ya weupe, aliweza kuona. Aliufuata mstari wa bega la yule mpagazi kwa kidole. Tulimfungulia wa pili, wa tatu, mpaka ikawa yeye ndiye anayeashiria kwa kichwa tufungue mwingine. Machozi yalimtoka bila sauti na hakuyafuta. "Mkono wangu huu," alisema mara moja, na hakusema zaidi.

Baada ya hapo mama alitaka tuipange. Hadithi zilikuwa na majina yake kamili, lakini michoro iliitwa mchoro wa Tura, mchoro mwingine, mchoro mwingine tena. Nilimuuliza tutajuaje upi ni wa hadithi ipi. Akasema hilo halina shida, yeye alikuwa akiandika maelezo pembeni. Akachukua kipanya, akauchagua mchoro wa yule mpagazi, akapandisha mshale juu na kufungua kisanduku kidogo kinachoonyesha ukubwa wa hati na siku ilipotengenezwa. Chini ya kisanduku hicho palikuwa na nafasi ya kuandikia. Ilikuwa tupu.

Akakifunga, akafungua cha mchoro wa pili. Tupu. Akafungua cha tatu.

"Hapa ndipo nilipokuwa naandika," alisema. "Kila mchoro, ni wa hadithi gani, na tulikuwa tumekaa na nani siku hiyo."

Fundi alielewa kabla yangu. Alisimama, akavua kofia yake. "Ndiyo hayo maoni, mama," alisema.

"Si maoni. Ni maelezo."

Akamweleza kwamba Kiingereza kimetumia neno moja linalobeba yote mawili, na sisi tulilichukua kwa upande usiokuwa wake. Mama alikaa na mkono juu ya kipanya kama aliyesahau anataka kufungua nini. Kwa siku kadhaa baadaye aliendelea kurudia kwamba kama wangesema maelezo, angekataa. Nami sikujua nimkasirikie nani. Fundi alisoma kilichoandikwa. Mashine ilituonya, tena kwa adabu. Waliotunga lile onyo hawakumjua mama yangu. Nilitafuta mahali pa kuiweka hasira yangu nikakosa, ikabaki kunizungukazunguka kama nzi. Baadaye sana mtu mmoja aliniambia kwamba hata lile faili likiharibika, mtu anaweza kuifungua programu kwanza na kuiita hati kutoka ndani yake, wala hakuna haja ya kuunda chochote upya. Nilimuomba asimwambie mama.

Fundi aliupiga picha kila mchoro kutoka kwenye skrini, na hakuchoka kurudia pale mwanga ulipomsumbua. Steshenari wakatuchapia kwenye karatasi kubwa. Hadithi nilizinakili mwenyewe kwenye kompyuta yangu, nikisoma kutoka kwenye ile skrini ndogo. Kisha tukahamia nyumbani kwa mama mdogo mjini, tukatandaza karatasi kwenye mkeka sebuleni, na hao wawili wakaanza kuoanisha michoro na hadithi kwa kukumbuka.

Nilidhani itakuwa kazi ya asubuhi moja. Mchoro wa mpagazi, mama aliuweka kwenye hadithi ya mzee mmoja wa Ipole, ya mpagazi aliyemwonea wivu mwenzake kwa kuwa na furushi dogo, wakabadilishana mizigo, kumbe lile dogo lilijaa vipande vya risasi na lilimvunja shingo kwa uzito njia nzima. Mama mdogo akasema hapana. Huyo ana kitu kando ya mguu, na kitu hicho ni mbwa, na hadithi yenye mbwa ni ile ya nyuki. Mama akasema hicho si mbwa, ni furushi la pili. Wakanipa mimi nitazame. Nilitazama. Kwa mbali kilikuwa mbwa, kwa karibu kilikuwa furushi.

Hadithi ya nyuki ni hii. Mkuu wa msafara mmoja aliona mizinga imetundikwa kando ya njia karibu na Ipole, akaamuru ishushwe apate asali. Nyuki walitoka, watu wakatupa mizigo wakakimbia porini. Wenyeji waliilinda ile mizigo mpaka wenyewe waliporudi, wakawakabidhi yote isipokuwa mwavuli mmoja, ambao kila mtu aliapa hakuuona. Mama alisisitiza kwamba katika hadithi hiyo hapakuwa na mbwa. Tukaisoma. Kweli hapakuwa na mbwa. Mama mdogo akasema alikuwapo, ila wewe hukumwandika, mimi nilimsikia.

Ikawa hivyo kwa kila karatasi. Mmoja aliamini maandishi, mwingine aliamini masikio yake, na mimi katikati nikihamisha picha kutoka rundo hili kwenda lile. Kulikuwa na ile ya bibi wa Tura mwenye kisima, aliyekataa kuwapa wapagazi maji mpaka waimbe wimbo wa kwao, hata akawa anajua nyimbo za makabila yasiyohesabika bila kutoka kijijini. Michoro minne ilimgombea bibi huyo. Sauti zilipanda, zikashuka, kahawa ikanywewa. Mara nyingine mama alighadhibika akaongea Kinyamwezi peke yake, na mwenzake, ambaye anakifahamu vizuri kabisa, akajifanya hasikii.

Siku moja walifika kwenye mchoro wenye reli, na kando ya reli kitu kidogo kimekaa, cha duara juu na kipana chini. Mama alinipa karatasi.

"Huyu ni wewe," alisema. "Tura, tunasubiri treni ya kurudi. Ulikuwa umejifunika kanga yangu."

Naikumbuka Tura. Naikumbuka baridi ya asubuhi kituoni, watu wakiuza viazi vitamu vilivyochemshwa, na reli ikiwa baridi nilipoigusa. Nilikuwa sijui kwamba kuna aliyenichora. Mama mdogo akausogeza mchoro karibu na jicho lake moja, kisha la pili. Akasema ni mtoto, lakini si huyu. Ni mtoto wa mama aliyekuwa akiuza viazi, alikuwa hachezi na wenzake, ndiyo maana alimtia huruma. Mama akasema ni mwanangu, nitamsahau mwanangu? Niliichukua karatasi ile, na walipoiulizia niliwaambia itapangwa mwisho.

Tulimaliza kwa kukubaliana, na kukubaliana kwenyewe kulikuwa kwa kubadilishana, huu nakuachia, ule niachie. Fundi alitutengenezea kijitabu, nakala chache, kikabanwa kwa waya wa plastiki. Mama mdogo akaenda kupasuliwa jicho.

Nilikuwapo walipomwondolea bandeji, mimi na binti yake mkubwa. Alitazama dirisha, akatazama mikono yake akasema imezeeka. Kisha akatutazama sisi, akatusifu. Alhamdulillahi aliitamka mara nyingi kiasi kwamba muuguzi akaanza kuitikia. Wiki iliyofuata nilimpelekea kijitabu nyumbani nikidhani namletea zawadi. Alikifungua kwenye mwanga wa mlangoni, akapekua ukurasa, akarudi nyuma, akapekua tena.

"Hii nani kaipanga hivi?" aliuliza.

Nikamkumbusha kwamba ni wao wawili.

"Mimi? Huyu si mbwa," alisema. "Ni furushi. Nani kasema mbwa?"

Sikuthubutu kumwambia. Aliendelea. Bibi wa kisima hakuwa bibi, alikuwa mtungi uliosimamishwa juu ya jiwe. Kile tulichokifanya moto kilikuwa kichaka. Karibu nusu ya yale aliyoyapigania mbele ya mama sasa aliyakataa, na kwa sauti ile ile ya uhakika. Akafika kwenye mchoro wa reli, ambao niliuweka ukurasa wa mwisho bila maneno. Aliutazama muda mrefu kuliko mingine.

"Huyu naye si mtoto, mwanangu," alisema. "Ni gunia la viazi limefunikwa kanga."

Nilicheka. Nilirudi Ntalikwa nikamweleza mama. Aliacha kuchambua mchele. Alisema jicho jipya linaona vizuri, lakini halikuwapo Tura, lililokuwapo ni lile la zamani. Kisha akaniambia niache kusikiliza watu, yeye ndiye aliyenizaa. Mpaka leo sijui. Kwenye nakala yangu nimeandika jina langu chini ya ule mchoro kwa penseli. Kwenye nakala ya mama mdogo hapana kitu.

Sasa vipo vijitabu viwili. Kimoja kimepangwa kwa macho ya kabla ya upasuaji, na kimoja, ambacho fundi alikipanga upya kwa maelekezo ya mama mdogo, kwa macho ya baada yake. Shuleni kwetu nimeviweka vyote maktaba, na wanafunzi wanaovisoma huniuliza kipi ni sahihi. Nawaambia maneno ni yale yale, wasome maneno. Hawaridhiki, nami siwalaumu.

Mchoro mmoja haukuingia popote. Ni mlango wa nakshi, umesimama wima porini, uko wazi, hauna nyumba. Hakuna hadithi katika zile za mama iliyoutaja. Mwezi uliopita mama mdogo alikuja Ntalikwa, safari hii akitembea bila kushika ukuta, nikawatolea ule mchoro nikauliza. Mama mdogo alisema hauna chochote. Aliuchora siku anajifunza kifaa cha kuchorea mistari iliyonyooka, basi.

Mama aliuchukua akaulaza mapajani. Akasema anaukumbuka. Ni ule mlango uliochongwa pwani kwa ajili ya tajiri mmoja wa Tabora, ukabebwa na wapagazi kwa zamu, na walipokaribia Tura zikawajia habari kwamba tajiri amefariki na warithi wake wanagombana. Hakuna aliyejua waupeleke kwa nani. Wakausimamisha pale pale kambini, wakautia mawe miguuni, na misafara iliyofuata ikawa inapita katikati yake kwa kutafuta baraka, ingawa pembeni palikuwa wazi kabisa.

Nilimuuliza alisimuliwa na nani. Alisema na mzee mmoja, sura yake anaiona, jina limempotea. Nilimtazama mama mdogo nikitegemea abishe. Lakini alikuwa ameegemeza shavu kwenye kiganja, amesahau chai yake.

"Halafu ule mlango ukaishia wapi, shoga?" aliuliza.

Mama alisema mchwa waliula, kuanzia chini.